Pua ya Bi Maabara

Kisima cha mtaa wetu kimefungwa mwaka huu. Wamekifunika kwa bamba la zege, juu yake mama mmoja anauza viazi karai, na maji sasa yanatoka bombani siku mbili kwa wiki, yakipenda. Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu kufungwa kwa kisima kile ndiko kulikonipa ruhusa ya kuandika habari za Bi Maabara. Sharti lilikuwa lake mwenyewe, na mbele nitaeleza lilivyowekwa.

Jina lake silitaji. Hilo nalo ni sharti, ingawa halinisumbui, maana kwa miaka minne ya sekondari sikujua kwamba ana jina. Alikuwa Bi Maabara. Wala hakuwa mwalimu. Alikuwa mtunzaji wa maabara ya shule yetu ya Kisauni: mwenye funguo, mwenye kuosha chupa, mwenye kupima unga na kuandaa majaribio tangu alfajiri ili mwalimu wa kemia aje ayaharibu saa nne. Walimu wa kemia walikuja na kwenda, mmoja hakumaliza hata muhula. Yeye alibaki. Muulize mtu yeyote wa rika langu kemia alifundishwa na nani, atamtaja yeye, kisha atakuna kichwa akitafuta jina la mwalimu.

Alikuwa mwembamba, buibui jeusi chini, koti jeupe la maabara juu, na koti hilo lilikuwa na madoa kuliko ramani. Pua yake ilikuwa ndefu, nyembamba, na kwenye bawa la kushoto alivaa kipini cha dhahabu. Kila asubuhi kabla ya kufungua mlango wa maabara alikitoa kipini, akakitia ndani ya kiberiti kitupu, akakifunga kiberiti kwenye pindo la leso yake. Tulimuuliza kwa nini.

"Dhahabu haimwogopi mtu," alisema, "lakini hawa wa humu ndani yawaogopa."

Nimeifikiria sana kauli ile. Miaka yote alikiokoa kipini, akaiacha pua.

Na pua ile ilikuwa na cheo. Kuanzia Mtopanga mpaka Frere Town, mwanamke akipika udi wa harusi alisema, "Mpelekeeni Bi Maabara anuse." Mvua zikijaza vyoo, kisima kikatiwa dawa, hakuna aliyeteka mpaka Bi Maabara anuse. Nami, ninayekula kwa kalamu na kujiita mwandishi pale wenzangu wasiponisikia, nimeishi zaidi ya miaka kumi nikiamini kwamba niliiua pua hiyo mimi, Ijumaa moja, kabla ya swala, kwa upumbavu wa kutaka kunukia.

Nitafika huko. Kwanza nimweleze alivyokuwa darasani.

Mwalimu asipokuja, na kutokuja ndiko alikokujulia, Bi Maabara alitoka kwenye chumba cha nyuma akifuta mikono, akaketi juu ya kiti kirefu kama anayetaka kusuka ukili. Hakuandika ubaoni. Alisimulia. Na hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya ukoo wa halojeni, wale wa safu ya pili kutoka mwisho kwenye jedwali kubwa lililotundikwa ukutani, lililoliwa na mende upande wa risasi na zebaki.

"Wako watano," alisema. "Wa kwanza florini. Hapa hamtamwona, na mshukuru. Ni hewa, manjano hafifu kama maji ya ndimu. Hasira zake hazina mfano. Wa pili klorini, hewa vilevile, kijani cha manjano kama jani changa la mgomba. Huyu twakaa naye. Wa tatu bromini: huyu ni maji, mekundu ya kahawia, lakini hakai kwenye chupa kwa hiari, hutoa moshi mpaka umzibe. Wa nne iodini. Jiwe. Vipande vyeusi vya kung'aa kama wanja. Wa tano ni astatini, na hakuna aliyemwona kwa mato yake, huoza hujamaliza kumtaja."

Kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Mwaona? Ukishuka ukoo huu, mwili wazidi uzito, hasira zapungua. Kama binadamu. Kijana ni hewa. Mtu mzima ni maji. Mzee ni jiwe."

Tulicheka, sisi hewa. Leo nimefika umri wa maji, na nikipanda ngazi tumbo langu hulithibitisha hilo.

Alikuwa na jibu la mahali hasira zile zinapotoka. Kila mmoja katika ukoo ule, alisema, amekosa kitu kimoja tu ili atimie: elektroni moja. Jirani zao wa safu nyingine wamekosa mbili, tatu, nne, na hao hukaa wametulia. "Aliyekosa kumi huzoea," alisema. "Aliyekosa kimoja hapati usingizi. Atamvamia yeyote." Na akishakipata? Alichovya kidole kwenye kijisahani cha chumvi ya kula, akakiramba. "Huyu hapa klorini aliyekipata. Nyote mmemla asubuhi kwenye mbaazi, na hakuna aliyekufa."

Alipotaka kutuonyesha mwenye nguvu na mnyonge, alitia chumvi nyeupe ya iodini kwenye maji, yakabaki meupe kama ya mvua. Juu yake akamimina maji yenye klorini. Papo hapo yakawa rangi ya chai.

"Chumvi ni nyumba," alisema. "Klorini akibisha hodi, iodini hutoka na mkoba wake."

Mwenzetu mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Kama bi mkubwa akitoka bi mdogo akiingia?"

"Bi mkubwa wa wapi atoke? Huyo ni wa kwenu."

Darasa likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alichukua matone ya maji ya wali, akayatia mle ndani, na ile chai ikageuka buluu nzito, karibu nyeusi. "Na wanga ndio shahidi. Iodini akishatoka nje, mbele ya wanga hawezi kujificha." Tafadhali msomaji mkumbuke shahidi huyu. Mimi nilimsahau, na ndiyo maana nilipata alama nilizozipata, nikaenda chuo kikuu kusomea fasihi.

Mara moja kila mwaka alimpasha moto iodini. Aliyafunga mapazia, akatia vipande vitatu vinne ndani ya chupa ya shingo ndefu, akawasha taa ya spiriti chini yake. Hatukuona kitu kikiyeyuka. Tuliona moshi wa zambarau ukiamka kutoka kwenye lile jiwe, mzito, mzuri, ukajaza chupa. Kelele zetu zote zilikoma. Kisha akaweka kisahani cha maji baridi juu ya mdomo wa chupa, na chini ya kisahani zikaanza kuota sindano nyeusi za kumeta. Jiwe limerudi.

"Msimdharau jiwe," alisema. "Mpe joto kidogo tu, muone."

Hakuwa mpole wakati wote. Alikuwa na ulimi, na aliutumia kwa watoto wa watu wenye majumba kuliko kwa wengine. Lakini nilimwona akikasirika kikweli mara moja tu. Tulikuwa na mwalimu wa hisabati kutoka bara, kijana mwenye haya, ambaye meno yake yalikuwa na madoa ya kahawia. Tulimwita Bwana Tumbaku, na yeye akajifunza kucheka kwa kuziba mdomo. Bi Maabara alilisikia jina hilo dirishani. Akaingia, kipini kikiwa bado puani, ndipo tukajua mambo si mema.

"Nani humu amechagua maji aliyonyweshwa na mamake?" aliuliza. "Maji ya kwao yana florini kutoka ardhini. Kidogo chake hulinda jino, kingi chake hulitia doa. Alikunywa alichopewa na Mungu wake. Nyie mmekunywa maji ya kisima cha Kisauni, na mkifunguliwa matumbo hapa tutaona madoa ya nani mabaya."

Mwalimu yule alikuwa amesimama mlangoni na chaki yake, amesikia yote. Tangu siku ile alimletea Bi Maabara viazi na kabeji kila alipotoka likizo kwao, na akacheka wazi. Alikaa Pwani mpaka akastaafu, akazikwa Kisauni.

Sasa ile Ijumaa.

Nilikuwa kidato cha tatu. Baada ya swala kulikuwa na nikaha ya binamu yangu Frere Town, na kwenye nikaha hiyo angekuwapo msichana fulani ambaye, nina hakika, hakujua kwamba nimezaliwa. Nilikuwa na kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya kuazima. Kilichobaki ni harufu. Saa tano na nusu nilitumwa kurudisha vyombo kwenye chumba cha nyuma cha maabara, na pale kwenye rafu ya juu nikaona kichupa kidogo cha kizibo cha kioo. Karatasi yake ya jina ilikuwa imeliwa ikabaki nyeupe. Ndani mlikuwa na maji mazito, mekundu ya kahawia.

Mtoto wa mahali pengine angeona kemikali. Mimi nililelewa na bibi ambaye kabati lake lilikuwa na vichupa hivyohivyo, vizibo hivyohivyo, rangi hiyohiyo, vya mafuta ya udi. Na mtaa mzima ulijua Bi Maabara ni bingwa wa udi. Nikajiambia, kumbe huku ndiko anakoyaficha mazuri. Nikashusha kichupa, nikazungusha kizibo, nikakinga kifundo cha mkono kama nilivyomwona babangu akifanya.

Haikuwa harufu. Ilikuwa kofi. Tone moja lilinipata mkononi, kichupa kikaniponyoka, na wingu jekundu likatambaa sakafuni kama paka anayetafuta mtu. Mwenye akili angekimbia. Mimi nilisimama nikakohoa.

Bi Maabara aliingia. Alikuwa na leso moja tu, na leso hiyo akaizungusha usoni pangu, puani na mdomoni, akanikokota nje hadi barazani. Kisha akarudi ndani na uso mtupu. Upande wa pili wa ukuta kulikuwa na darasa la kidato cha kwanza, watoto arobaini, na dirisha katikati. Aliingia mara tatu: kufunga dirisha lile, kufungua ya nje, na kumwaga ndoo ya maji ya haipo, dawa waliyokuwa wakitumia wasafisha picha, ambayo humzima bromini. Mara ya tatu alitoka akishika ukuta. Alikaa chini karibu yangu, mato yanatiririka, akaushika mkono wangu na kuuosha kwa dawa ileile, taratibu, kama anayeosha mtoto mchanga.

Alipopata pumzi alisema, "Udi huu haufai harusini."

Kwa mwalimu mkuu alieleza kwamba kizibo kilikuwa kibovu. Mimi niliosha vyombo vya maabara mpaka mwisho wa muhula. Harusini sikwenda. Msichana aliolewa Likoni, na sina uhakika kama hadi leo anajua kwamba nimezaliwa. Kovu ninalo, dogo, kiasi cha punje ya mtama.

Nje ya shule alikuwa mtu mwingine, au nilidhani hivyo. Huyu aliyetukataza kunusa chochote ndiye aliyekuwa akipika udi uani kwake, vipande vya mti ndani ya sukari na marashi, na nyumba saba zikajua. Huyu aliyetia klorini kisimani hakuipenda ladha yake. Maji yake ya kunywa aliyaweka kwenye mtungi wa udongo uliofukizwa ubani, na ukimkumbusha alisema, "Mimi nimeshajua kilichomo, nyie ndio wa kulindwa." Alistaafu akiwa bado anazihesabu chupa za shule kichwani: ngapi kabati la kwanza, ngapi zimevunjika, nani alizivunja.

Kisima ndicho kilichokuwa kazi yake baada ya kustaafu. Mvua kubwa ikinyesha na vyoo vikafurika, alipata ule unga mweupe wa klorini kwenye zahanati, akaukoroga kwenye ndoo, akauacha utulie, akamimina maji yake kisimani. Mtaa ukangoja hadi kesho yake. Kisha akatekewa bilauri moja. Akaigeuza kidogo kwenye mwanga, akainamisha ile pua ndefu, akafumba mato. Watu na mitungi yao ya lita ishirini walikuwa kimya kama wanaosubiri mwezi wa Idi. "Yanuka kidogo," alisema. "Kama nguo iliyofuliwa juzi. Tekeni." Ncha za vidole vyake siku hizo zilikuwa na weusi wa buluu, nami nikadhani ni piko, ile rangi nyeusi ya urembo, kwamba amepaka wanawali wa harusi fulani.

Mashaka yaliniingia miaka kumi na kitu iliyopita. Nilikwenda kumwamkia, nikamkuta uani ameketi kando ya jiko, sufuria ya wali wa nazi iko motoni, na moshi mchungu wa tui lililoungua umejaa mpaka barabarani. Alikuwa akichambua mchicha kwa utulivu.

"Karibu mwanangu. Umekuja saa nzuri, wali u tayari. Wanukia, sivyo?"

"Wanukia sana, Bi," nilisema.

Nikala wali ule wote. Nikiwa njiani kurudi nilihesabu miaka kwa vidole, nikafika kwenye ile Ijumaa, na hapo nikakwama.

Mwanamume angerudi akaomba radhi. Mimi nilirudi nyumbani nikaandika makala. Ilikuwa makala ndefu ya kusifu pua ya mwanamke mmoja wa Kisauni, ilichapishwa, watu wakanipongeza, na kulikuwa na sentensi moja kuhusu harufu ya maji safi ambayo niliisoma mara kadhaa mwenyewe kwa sauti. Nilimpelekea nakala. Alisomewa, akasema, "Maneno mengi." Nami nikakaa na ile radhi kifuani mwaka hadi mwaka, nikijiambia kwamba kumuuliza kutamvunjia heshima. Ukweli ni kwamba niliogopa jibu.

Hadi masika ya mwaka jana. Siku hizi nakaa Changamwe. Nilisikia vyoo vimefurika Mtopanga na kwamba mitaa ya jirani watu wanaharisha. Nikavuka. Nilipofika, foleni ya mitungi ilikuwa imetoka kisimani hadi mlangoni kwa Bi Maabara, na akina mama wamekwisha kuchoka kuwa na adabu.

"Mwanakijiji wa Changamwe, kamwambie mamako atuhurumie," mmoja aliniambia. "Tangu jana twangoja. Leo amechukua bilauri, ameingia nayo ndani, kimya."

"Labda anaswali."

"Saa nne hii? Swala gani? Mimi ikifika saa sita nateka, wallahi, na liwe liwalo."

Nilibisha hodi. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha kamba, mdogo kuliko nilivyomwacha, kipini kikimeta. Mbele yake kigoda, na juu ya kigoda bilauri ya maji na kile kiberiti.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Umenenepa."

"Hujaniangalia."

"Nimesikia sakafu." Akanyoosha mkono kunikaribisha kando yake. Hakuuliza habari za nyumbani, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Alinisogezea bilauri. "Nusa."

Nikaishika bilauri kwa mikono miwili, nikainama, na kabla pua haijafanya kazi mdomo ukatangulia.

"Yanuka kidogo, Bi. Kama nguo iliyofuliwa juzi."

Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Hayo ni maneno yangu," alisema. "Nje kuna watu thelathini na watoto wao. Wataka wanywe maneno?"

Nikainama tena. Safari hii nilinusa kweli, kama mtu asiyejua kuandika. Nikavuta, nikangoja, nikavuta tena. Hapakuwa na nguo, hapakuwa na juzi.

"Hayanuki dawa, Bi. Yanuka udongo."

Alifumba mato. "Nilikhofu hivyo. Maji yaliyoingia ni mengi." Akafungua kiberiti. Ndani mlikuwa na vipande vya karatasi vilivyokatwa vizuri kama kucha, vyote vimekuwa buluu. "Karatasi za maji ya wali na chumvi ya iodini. Nikichovya, klorini akiwapo humtoa iodini nje, na wanga hushuhudia. Buluu hafifu, tekeni. Nyeusi, ngojeni. Nyeupe, ongeza dawa. Miaka yote hii nachovya huku nimeinamisha pua. Lakini chumvi yangu imepata unyevu, imeingia manjano. Sasa karatasi zageuka buluu hata kabla ya kugusa maji. Shahidi amelewa."

Kwa hivyo haikuwa piko.

"Kwa nini usiwaonyeshe karatasi waziwazi, Bi?"

"Nilijaribu. Mwanamke mmoja akaniuliza kama ni hirizi, mwingine akataka moja amfunge mtoto. Watu hawa hungoja siku nzima kwa sababu ya pua yangu. Wakijua imekufa, nani atangoja? Wamsikia yule wa saa sita?"

Nilimsikia. Tulikoroga dawa uani, mimi nikipima kijiko kwa amri yake. Nikatoka na ndoo, nikapita katikati ya akina mama, nikamimina kisimani, nikawaambia Bi amesema mpaka alasiri. Nilitukanwa kwa lafudhi nne. Lakini walikuwa wamesikia "Bi amesema," na yule wa saa sita aligeuza mtungi wake akaukalia.

Nikarudi ndani. Saa zilikuwa nyingi na sikuwa na pa kukimbilia.

"Bi, nimekuja kuomba radhi."

"Kwani wasafiri? Waenda Makka?"

"Ya pua."

Alitoa kipande cha karatasi ndani ya kiberiti. Kisha akasema, "Nani kakwambia?"

"Tui. Siku ile liliungua, Bi. Nikakuambia lanukia."

"Na ukala?"

"Nikamaliza."

Alicheka mpaka akakohoa, kile kikohozi chake cha tangu maabara. "Masikini. Na waona ni weye uliyeiua?"

"Kile kichupa. Uliniwekea leso mimi, ukarudi ndani uso mtupu."

"Weye na kichupa kimoja, robo saa?" Akatikisa kichwa. "Usijipe ukubwa. Mimi nimepika klorini kila muhula maisha yangu yote ya kazi, kwenye kabati la moshi ambalo feni yake haijazunguka hata siku moja. Ilikwenda kidogo kidogo. Kwanza asumini. Kisha mdalasini. Mwisho hata papa mkavu. Ulikuwa mtoto, ulitaka kunukia. Hilo si kosa la kufa nalo mtu."

"Asumini ilikwenda lini, Bi?"

Alikitazama kipande cha karatasi mkononi mwake. "Sikumbuki," alisema.

Mwanamke huyu alikumbuka chupa ngapi zimevunjika kwenye kabati la kwanza. Nilifungua mdomo. Akauchukua mkono wangu, akapapasa kifundo mpaka kidole chake kikaipata ile punje ya mtama, kikatulia hapo.

"Nimekosa kimoja tu," alisema. "Niliwafundisha kwamba huyo ndiye mwenye hasira kuliko wote. Ni kweli. Mwaka wa kwanza nilivunja sahani. Lakini nami nimeshuka ukoo, mwanangu. Nimefika kwenye jiwe. Radhi unayo, ulikuwa nayo tangu nilipokuosha mkono. Isipokuwa ile makala. Ile ni dhambi yako mwenyewe."

Nikamuuliza na udi je, maana akina mama bado walikuwa wakimletea. Alisema sukari ina sauti yake ikiiva. Na mwanamke anayeleta udi ulioungua huwa ameshajua kabla hajafika. "Wao watazama uso wangu, mimi natazama wao."

Hapo ndipo alipoweka masharti. Niandike nikitaka, lakini jina nisitaje, na nisiandike mpaka kisima kifungwe. "Siku maji ya bomba yakifika, pua yangu istaafu. Kabla ya hapo ukiandika, utakuwa umewanywesha watu maji machafu."

Adhana ya alasiri ilipokwisha nilitoka nikateka bilauri nyingine, akina mama wakinipisha kwa macho makali. Nikampelekea ndani. Hakuigusa.

"Nusa. Na usiniletee nguo za juzi."

Nilinusa. Ilikuwapo. Ndogo, kali kidogo, ikija na kupotea. Nilitafuta neno, mimi mtu wa maneno, na kila neno lililokuja lilikuwa la mtu mwingine. Alingoja. Nje mtungi ulianguka, mtoto akalia.

"Yanuka maabara yako," nilisema mwishowe. "Asubuhi. Umeshaosha meza zote, na sisi hatujaingia."

Aliichukua bilauri, akaiinua hadi usoni, akavuta pumzi kwa ile pua ndefu, pumzi ya muda mrefu, mato yamefumbwa. Sijui alipata nini. Kisha akajifunga leso, akajishika begani kwangu, akasimama, na tukaenda pamoja hadi mlangoni, ambako akina mama walikuwa wameshanyamaza.

"Nimenusa," akawaambia. "Tekeni."